Boti ya Starehe Marekani: Nani Aimiliki, Nani Aiongoze

Mkaazi wa kudumu nchini Marekani, yaani mtu mwenye ile kadi ya kijani lakini bado hajala kiapo cha uraia, akianza kuulizia habari za boti hupewa majibu yanayogombana. Mmoja atamwambia boti iliyoandikishwa kwenye serikali ya shirikisho haiongozwi na mgeni kamwe. Wa pili atamwambia starehe ni starehe, majini hakuna anayeuliza pasipoti. Wa tatu atamwambia asijisumbue, maana hata kununua hawezi. Wote watatu wana kipande cha ukweli, ila kila kipande kinajibu swali lake. Sheria ya Marekani inauliza nani mwenye chombo, nani nahodha, na chombo kinafanya kazi gani, na uraia una uzito tofauti katika kila swali. Ukiyajibu yote kwa mkupuo mmoja, lazima utakosea.

Tuanze na uandikishaji wenyewe, kwa sababu ndiko mkanganyiko unakozaliwa. Boti ya starehe Marekani ina njia mbili za kuandikishwa. Ya kwanza ni ya jimbo. Unakwenda kwenye ofisi ya jimbo, unalipa, unapewa namba inayoanza na herufi mbili za jimbo lako, FL kwa Florida, MD kwa Maryland, WA kwa Washington. Namba hiyo unaibandika pande zote mbili za omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwa herufi zisizopungua inchi 3 kwa urefu. Utaratibu huu ulitokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1958, na kwa shughuli zake unafanana na kadi ya gari: unaonyesha chombo ni cha nani na kodi imelipwa. Uraia hauhusiki. Mkenya mwenye ukaazi wa kudumu anayeishi Baltimore anaandikisha boti yake Maryland sawasawa na jirani yake aliyezaliwa hapo.

Njia ya pili ni ya shirikisho, na hii ndiyo yenye mambo. Inasimamiwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani kupitia kituo chao cha taifa cha hati za vyombo, kilichoko Falling Waters, West Virginia, katika jimbo ambalo halina hata hatua moja ya pwani ya bahari. Chombo kinachopita njia hii hupewa hati inayokitambulisha kuwa cha taifa la Marekani, na namba rasmi isiyobadilika hata kikiuzwa mara kumi. Namba hiyo haibandikwi nje. Inachorwa au kuchongwa ndani, kwenye sehemu ya kudumu ya bodi, yaani mwili wa boti, kwa tarakimu zisizopungua inchi 3, ikitanguliwa na kifupi cha neno la namba, na kwa namna ambayo mtu akijaribu kuifuta alama itabaki. Kwa nje unaandika jina la boti na bandari yake ya nyumbani, kwa herufi za inchi 4 au zaidi. Kwa hiyo ukipita gatini Annapolis ukaona boti ina jina na mji nyuma lakini omo ni tupu, bila namba ya jimbo, ujue iko kwenye daftari la shirikisho. Baadhi ya majimbo, Florida mojawapo, bado hudai ada na stika hata kwa boti za namna hii.

Si kila boti inakubalika huko. Lazima iwe na tani 5 halisi au zaidi, na hapa wengi huteleza kwa kudhani tani ni uzito. Tani hizi ni za ujazo, na tani moja ni futi za ujazo 100. Kwa boti ndogo kuna kanuni rahisi: zidisha urefu, upana na kina cha bodi kwa futi, boti ya injini izidishe tena kwa 0.67 na boti ya tanga kwa 0.5, kisha gawanya kwa 100. Hapo umepata tani za jumla. Tani halisi ni asilimia 80 ya hizo kwa boti ya injini iliyo ndani ya bodi, na asilimia 90 kwa boti ya tanga yenye injini ndani. Chukua boti ya futi 24 yenye injini ndani, upana futi 8, kina futi 4 na nusu. Jumla ni tani 5.79, na halisi ni 4.63. Haifiki. Boti ya tanga ya futi 30, upana 10, kina 6, inapata tani 9 za jumla na 8.1 halisi. Hiyo inaingia bila wasiwasi. Walinzi wa Pwani wenyewe husema boti nyingi za futi 25 na kuendelea hufikia kiwango. Kwa boti ya starehe iliyofikia kiwango, njia ya shirikisho ni hiari, na mwenye boti anaweza kuendelea na namba ya jimbo maisha yake yote.

Kwa nini basi watu huifuata? Mara nyingi ni benki. Tangu sheria ya mwaka 1920, rehani iliyoandikwa dhidi ya chombo chenye hati ya shirikisho ina nguvu ya pekee mahakamani, na wakopeshaji wengi wa boti kubwa huitaka. Wengine wanasafiri kwenda Bahamas, Kanada au Mexico na wanataka karatasi isiyobishaniwa kuhusu utaifa wa chombo. Gharama si kubwa: dola 133 kwa hati ya kwanza, na dola 26 kwa mwaka kuihuisha, ambapo boti ya starehe inaweza kulipiwa hadi miaka 5 kwa pamoja. Nataja bei hizi kwa makusudi. Kuna kampuni binafsi zinazotuma barua zenye nembo na lugha ya kiserikali, zikidai mamia ya dola kwa kazi ile ile, na mgeni ambaye hajazoea barua za serikali ya huko ndiye wa kwanza kulipa kwa hofu.

Sasa uraia. Ili chombo kipate hati ya shirikisho, lazima kimilikiwe na raia wa Marekani kwa ukamilifu. Ukaazi wa kudumu hautoshi, hata kama umekaa miaka ishirini na kodi zako ziko sawa. Aliyezaliwa raia na aliyeupata uraia kwa kiapo wako sawa mbele ya kifungu hiki, na raia si lazima aishi Marekani. Akiwa Dubai au Mombasa bado anastahili. Mwenye uraia wa nchi mbili anastahili pia. Mkenya aliyekula kiapo cha Marekani, ambaye katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu kubaki Mkenya, haulizwi kuhusu pasipoti yake ya pili. Kwa Mtanzania hesabu ni nyingine. Tanzania haikubali uraia pacha kwa watu wazima, na wapo waliokaa Marekani miongo mizima na kadi ya kijani kwa sababu hawataki kuupoteza Utanzania. Uamuzi huo unawagusa hata hapa: boti yao itaishia kwenye daftari la jimbo.

Neno “kwa ukamilifu” lina meno. Mume raia na mke mkaazi wa kudumu, wote wawili majina yao yakiwa kwenye hati ya mauziano, boti yao haistahili. Haijalishi mke ana asilimia 50 au asilimia 1. Watakuwa na machaguo mawili: waandikishe jimboni kwa majina yote mawili, au umiliki uwe wa mume peke yake, kwa kweli na si kwa karatasi tu. Na hapa nasema wazi, kwa sababu desturi yetu ya kusaidiana inaweza kumponza mtu. Kumwomba shemeji au rafiki mwenye uraia aweke jina lake wakati fedha na boti ni zako si msaada. Fomu ya maombi inataka mwombaji athibitishe uraia na umiliki wake, na sheria inaruhusu chombo kukamatwa na kutaifishwa pale ambapo jambo la msingi limefichwa au kuongopewa. Ukiacha serikali, siku mkikosana na shemeji, karatasi zote zinasema boti ni yake.

Kampuni ina mlango wake, na ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Kwa hati ya starehe, kampuni lazima iwe imeandikishwa Marekani, afisa mtendaji mkuu awe raia, mwenyekiti wa bodi awe raia, na wajumbe wa bodi wasio raia wasifike nusu ya akidi, yaani ya idadi inayohitajika ili kikao kifanyike. Akidi ikiwa watu 3, mgeni anaweza kuwa mmoja tu. Ikiwa 5, wageni wawili. Kuhusu hisa, kwa boti ya starehe sheria haiweki kiwango cha uraia. Inaanza kuuliza hisa pale kampuni inapotaka idhini ya biashara ya pwani (kubeba abiria au mizigo kwa malipo kati ya sehemu za Marekani) au ya uvuvi, na hapo inadai asilimia 75 ziwe mikononi mwa raia. Amana ya familia ni ngumu zaidi: wadhamini wote lazima wawe raia, na wanufaika wote wenye haki inayoweza kudaiwa mahakamani lazima wawe raia. Mtoto mmoja aliyebaki Bukavu akiwa miongoni mwa wanufaika, boti imeanguka.

Hadi hapa sheria imeonekana kali. Ajabu ni kwamba ukitoka kwenye umiliki ukaingia kwenye usukani, kwa boti ya starehe inalegea kabisa.

Kanuni ya jumla iko katika kifungu cha 12131 cha juzuu la 46 la sheria za Marekani: chombo chenye hati ya shirikisho kiwe chini ya amri ya raia pekee. Hiki ndicho kipande alichokishika yule mshauri wa kwanza. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea kutaja vyombo ambavyo kanuni haivihusu, na cha kwanza kabisa ni chombo chenye idhini ya starehe pekee, yaani ambacho hati yake inakiruhusu kutumika kwa starehe tu. Maana yake, mume raia akimiliki boti yenye hati ya starehe, mke wake asiye raia anaweza kuichukua peke yake, akatoka Annapolis hadi Norfolk, akiwa ndiye nahodha kisheria. Kaka yake aliyekuja kutembea kutoka Tanga naye anaweza, mradi mwenye boti ameridhia na sheria za usalama za jimbo zimefuatwa. Hakuna leseni ya shirikisho inayodaiwa kwa mtu anayeendesha boti ndogo ya starehe. Majimbo ndiyo yenye masharti ya mafunzo, na hayo yanaangalia umri badala ya uraia. Florida, kwa mfano, humtaka aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye awe na kitambulisho cha mafunzo ya usalama ili aendeshe injini ya nguvu farasi 10 au zaidi.

Sababu ya ukali wa upande mmoja na ulegevu wa upande wa pili iko katika historia. Mwaka 1789, Bunge la kwanza kabisa la Marekani lilipitisha sheria ya kuandikisha vyombo tarehe 1 Septemba, wiki chache baada ya kuweka ushuru wa tani bandarini: senti 6 kwa tani kwa chombo kilichojengwa Marekani na kumilikiwa na Wamarekani, senti 50 kwa chombo cha kigeni. Hati ilikuwa thamani ya fedha, kwa hiyo ilibidi serikali ijue nani anaistahili. Sheria iliyofuata, ya mwisho wa mwaka 1792, ikasema chombo kitaendelea kufaidi hadhi hiyo ikiwa tu kinamilikiwa kikamilifu na kuongozwa na raia. Taifa changa liliogopa mabepari wa Uingereza wajifiche nyuma ya majina ya Kimarekani, na liliogopa nahodha wa kigeni akishika chombo chake siku ya vita. Boti ya wikiendi haikuwamo akilini mwao. Kwa idhini ya starehe, watunga sheria walibakiza sharti la mwenye mali, kwa kuwa bendera bado ni ya taifa, wakaliondoa la nahodha, kwa kuwa mtu anayevua na wanawe Jumamosi hachukui ajira ya baharia yeyote. Kwa maoni yangu walipima vizuri.

Mtego umo katika neno “pekee”.

Hati ya shirikisho hubeba idhini, na zinaweza kuwa zaidi ya moja: ya starehe, ya biashara ya pwani, ya uvuvi, na ya safari za biashara za nje. Chombo chenye idhini yoyote kati ya hizo kinaruhusiwa kutumika kwa starehe. Wenye boti wengine huomba ya starehe na ya pwani kwa pamoja, wakifikiri huenda siku moja watabeba watalii, au kwa sababu boti iliyojengwa Marekani inaistahili na kuiomba kunaongeza bei ya kuiuza. Boti ya namna hiyo inaweza isibebe abiria hata mmoja wa kulipa kwa miaka yote. Lakini kisheria haina idhini ya starehe pekee, na kwa hiyo kanuni ya nahodha raia inarudi nzima nzima. Yule mke tuliyemtaja akiichukua peke yake, hata kwa kwenda kutazama machweo, amri ya chombo imekuwa mikononi mwa asiye raia. Hati inabatilika, faini inafuata, na sheria inaruhusu chombo kikamatwe na kutaifishwa.

Kwa bahati njema jambo hili linakaguliwa kwa dakika moja. Hati halisi lazima iwemo botini. Kabla ya mtu asiye raia kupewa boti, itoeni mkasome sehemu ya idhini. Ikiwa imeandikwa ya starehe tu, endeleeni. Ikiwa kuna neno jingine pembeni yake, raia awemo na awe ndiye nahodha. Kushika usukani chini ya macho ya nahodha siyo kuwa nahodha: mgeni anaweza kuendesha mchana kutwa ilimradi raia yuko hapo, anaamua njia na anabeba dhamana. Na kama biashara haipo kwenye mpango wenu, mwenye boti anaweza kuomba idhini zibadilishwe abaki na ya starehe.

Swali la tatu, la kazi ya chombo, hugongana na haya mawili pale fedha zinapoingia. Boti yenye idhini ya starehe pekee inatumika kwa starehe tu. Haibebi mizigo ya watu kwa malipo, haiuzi samaki, haibebi abiria wa kulipa. Kubeba abiria kati ya sehemu mbili za Marekani ni biashara ya pwani chini ya sheria ya mwaka 1886, na mizigo iko chini ya ile ya 1920 iliyobeba jina la seneta Wesley Jones wa jimbo la Washington. Idhini ya pwani inadai chombo kiwe kimejengwa Marekani. Boti ndogo ya kubeba abiria wasiozidi 12, yenye umri wa miaka 3 au zaidi, inaweza kuombewa msamaha wa sharti la kujengwa, lakini msamaha huo haugusi sharti la uraia.

Je, marafiki wakichanga mafuta? Sheria imelijibu hili kwa uwazi. Mchango wa hiari wa gharama halisi za safari, kwa fedha, mafuta au chakula, hauhesabiki kuwa nauli. Kinachobadilisha mambo ni sharti. Ukisema “karibuni, atakayeweza achangie petroli,” mko kwenye starehe. Ukisema “dola 50 kila kichwa, asiyelipa abaki gatini,” umechukua abiria, na kuanzia hapo unahitaji idhini ya pwani, leseni ya nahodha na uraia.

Kwa asiye raia anayetaka kweli kufanya kazi hiyo, mlango haujafungwa wote. Leseni ndogo ya unahodha, inayoruhusu kubeba hadi abiria 6, inaweza kutolewa kwa asiye raia mwenye haki ya kisheria ya kufanya kazi Marekani, ila itawekewa mpaka: vyombo visivyo na hati ya shirikisho. Kwa vitendo hizo ni boti zisizofika tani 5 halisi. Ile boti yetu ya futi 24, iliyokosa kiwango kwa sehemu ndogo ya tani, hapa ndiyo inayofaa.

Mambo mawili ya ununuzi na urithi niyaseme kabla ya kumaliza, kwa sababu yanawakuta watu bila kutarajia. Asiye raia akinunua boti iliyokwisha kuwa na hati ya shirikisho, hati hiyo haihamii kwake, na ofisi nyingi za majimbo zitakataa kumpa namba mpaka aonyeshe uthibitisho kwamba boti imefutwa kwenye daftari la Falling Waters. Kama muuzaji alikuwa na rehani ambayo haijafungwa kwenye kumbukumbu, kufutwa huko kunaweza kukwama kwa miezi. Omba muhtasari wa umiliki wa boti kutoka kituo hicho kwa kutumia namba rasmi. Utaonyesha wamiliki waliopita na madeni yaliyoandikwa. Fanya hivyo kabla hujatoa hata dola moja ya malipo ya awali.

Na mwenye boti raia akifariki, hati yake haiendelei kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Umiliki umebadilika, na warithi wote wanapimwa upya. Watoto watatu, wawili raia na mmoja mkaazi wa kudumu, wakirithi kwa pamoja, boti imetoka kwenye daftari la shirikisho. Wanaotaka ibaki humo hukubaliana mapema kwamba fungu la boti liende kwa wale raia na yule mwingine afidiwe kwa mali nyingine, na huyaandika hayo kwenye wasia wakati mzee bado yu hai na anaweza kutia saini.